Nani Alikaza Hii?

Kabla hajagusa nati yoyote iliyogoma, aliweka begi lake la turubai chini, akaichungulia nati kwa muda, kisha akauliza, "Nani alikaza hii?" Ukimjibu kwamba hujui, uso ulimbadilika. Alitaka jina, na kama jina halipo, basi angalau aambiwe kama mkazaji alikuwa kijana au mtu mzima, kama alikuwa na haraka, kama siku hiyo alikuwa ameshiba. Alisema nati iliyokazwa na mtu aliyetoka kugombana na mkewe ina namna yake ya kufunguliwa, na iliyokazwa na kibarua anayesubiri saa ya kutoka ina namna yake. Mara ya kwanza kumsikia nilidhani ni mzee wa mikwara tu.

Kirua nzima, huku kwetu mlimani, tulimwita Fundi, bila jina na bila kueleza ni fundi wa nini. Mafundi wa cherehani, wa saa na wa kujenga walikuwepo, lakini hao walitajwa pamoja na kazi zao. Kazi yake yeye ilikuwa moja: kutoa kilichokataa kutoka. Bolti zilizoshikwa na kutu, skrubu zilizolika kichwa mpaka bisibisi inazunguka bure, nati zilizoungana na chuma kiasi kwamba huoni mwanzo wala mwisho. Hakutengeneza injini wala hakuchomelea mageti. Akishafungua alikuachia wewe na fundi wako mwendelee, yeye akanywa chai yake na kuondoka.

Na alikuwa na sifa moja iliyomlisha. Fundi mwingine akizidisha nguvu, bolti inakatika: kichwa kinabaki kwenye spana na mwili unabaki ndani ya chuma, na hapo mwenye mashine anashika kiuno. Yeye, kwa maneno ya Kirua nzima na ya kwake mwenyewe, hakuwahi kukata bolti hata moja. Kwa sababu hiyo tu walimwita kutoka Marangu, kutoka Himo, hata kutoka Chekereni kwenye mashamba ya mpunga. Mimi ndiye niliyejua kwamba si kweli. Nilijua kwa miaka mingi nikafunga mdomo, na nitaeleza kwa nini.

Nilimfahamu tangu ile miaka ambayo duka lilikuwa na meza, mizani na muuzaji, ila bidhaa hakuna. Bolti ilikuwa mali. Mtu akifungua mashine ya kumenyea kahawa, aliokota kila kipande na kukitia mfukoni, kwa maana kikipotea hutapata kingine mpaka labda ndugu yako aende Nairobi. Fundi alikuwa na kopo la maziwa ya unga alimotunza bolti za aina zote, na kopo hilo lililala chini ya kitanda chake. Mkewe alisema kama nyumba ingeshika moto, mumewe angetoka kwanza na kopo, halafu ndipo angekumbuka kuna mke.

Kazi yake ilikuwa ya kuchosha kuitazama. Alisafisha kutu kwa brashi ya waya, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, tap, tap, tap, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Akamimina dawa. Akakaa. Akaongea habari za ng'ombe wake. Akagonga tena. Pengine aliipasha moto kwa makaa, kisha akaigusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani ya zile nyuzi. Ukishaanza kukata tamaa ndipo alipochukua spana, na hapo watu wengi walipiga kelele, kwa maana kitu cha kwanza alichofanya ni kukaza.

"Fundi, si unaikaza?"

"Kidogo tu. Ijue sijaja kwa ugomvi."

Kisha alilegeza, robo ya robo, akakaza, akalegeza. Wakati huo hukuruhusiwa kusema neno wala kukohoa. Chuma kikitoa ule mlio mfupi wa kuachia, aliinua kidole na kusema, "Imesema." Basi. Hakushangilia. Kila bolti iliyotoka aliilaza juu ya jani la mgomba kwa mpangilio uleule ilivyokaa kwenye mashine, na ole wako kuku wako apite juu yake.

Ile dawa ilikuwa na siri ambayo kila mtu aliijua. Nusu moja ni dizeli na mafuta machafu ya injini, nayo ina chupa yake. Chupa ya pili ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha, ile kali ya chini ya pipa ambayo hata mlevi wa kudumu anaikwepa. Akina mama wapika mbege walimwekea. Alisema kutu inaiogopa kuliko inavyoogopa spana. Sasa yeye alikuwa Mlutheri wa kuheshimika, mshika kikapu cha sadaka, na kila alipoonekana akitoka kilabuni na chupa kwapani kulikuwa na la kusemwa. "Ni ya nati," alijibu. Nati zilikunywa kwanza, hilo nimeliona kwa macho yangu. Kilichobaki kilikwenda wapi sikuuliza.

Heshima hiyohiyo ya kanisani ilimpa shida na spana malaya, ile inayopanuka na kubana ikaingia nati za kila ukubwa. Mafundi wote wa nchi hii wanaiita hivyo, hakuna anayeona haya. Yeye hakuweza kulitamka jina hilo, hasa mbele ya wanawake. Alisema, "Nipe ile isiyo na msimamo." Kijana mmoja wa gereji za Majengo alimtega makusudi: akajifanya haelewi, akamtajia spana moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Fundi akainuka akaichukua mwenyewe, na kijana yule hakusalimiwa tena mpaka Krismasi.

Kwa chuma alikuwa na subira ya ajabu. Kwa watu hakuwa na hata chembe. Alitoka kanisani kabla ya matangazo. Mkutano ukizidi nusu saa alianza kusimama na kukaa. Alimnunia jirani yake mwaka mzima kwa sababu ya mbuzi aliyekula kamba, na kamba yenyewe haikuwa yake. Alikwenda Chekereni kwenye joto lile la bondeni akiwa na sweta la sufu, akafungua magurudumu ya trekta jasho likimtiririka, akikataa kulivua, kwa sababu alishatoka nyumbani nalo.

Na huyu mfunguaji, kitu alichofunga yeye hakifunguki. Hili lilimtesa mkewe. Chupa ya mafuta ya kula, mfuniko wa chupa ya chai, koki ya bomba pale nje: vyote alivikaza kwa nguvu zilezile alizowalaumia wengine. Siku moja mkewe alifika kwangu na chupa ya mafuta mikononi, amevaa kitenge cha kazini, amechoka. "Mama, naomba uniazime mume wako. Wangu yuko Marangu anawafungulia watu, na mimi nimeshindwa kukaanga kitunguu." Baba watoto aliifungua kwa koleo. Fundi alipoambiwa aliuliza kwa nini wameiharibu, wakati ilihitaji tu kuombwa vizuri.

Nikumbuke na lile lori. Mnajua Desemba yetu, kila aliye Dar na Arusha anapanda mlimani kuonana na wazazi. Mwaka mmoja bwana mkubwa alileta saruji ya nyumba yake mpya, lori likapata pancha pale kona ya chini ya kanisa. Dereva kashindwa. Bwana mwenyewe akavua koti, akapanda juu ya mpini wa spana, akawa anarukaruka na viatu vyake vinavyong'aa, huku shemeji zake wakimtazama kutoka juu ya ukingo. Fundi alifika, akauliza swali lake. "Ilikazwa na mashine ya upepo, Dar," wakamwambia. "Hiyo ya Dar ilishaisha," akasema. "Anayeikaza sasa ni wewe." Nati za magurudumu ya upande wa kushoto ya lori lile zilifunguka kwa kuzungushwa kinyume, na mwenye mali alikuwa amerukaruka nusu saa nzima akizidi kukaza. Kazi ya kulegeza alichokaza bwana yule ilimchukua Fundi mchana mzima, akisema hajawahi kukutana na mtu mwenye nguvu zisizo na faida kama zile.

Sasa nije kwenye injini yangu.

Baba watoto alikuwa na kazi kiwandani mjini. Vilipoanza kuuzwa viwanda na watu kupunguzwa, yeye alikuwa katika wale wa kwanza. Walimpa kiinua mgongo, na kabla hajashauriana na mtu yeyote, yaani mimi, akakinunulia injini ya dizeli na kinu cha kusagia mahindi kutoka shamba moja la bondeni lililokuwa likiuza vyuma vyake. Ilikuja juu ya mkokoteni, nyekundu kwa kutu, na kiota cha ndege kwenye bomba la moshi. Ilikuwa imelala miaka mingi. Kichwa chake kilifungwa kwa bolti sita, na fundi wa kwanza aliyeiona alisema bolti moja ikikatika vibaya tundu litapasuka, na likipasuka tununue mizani tuiuze kama chuma chakavu. Nililia, sifichi. Ada za shule za watoto wanne zilikuwa ndani ya kile chuma.

Fundi alikaa nayo siku nyingi. Siku ya kwanza aliuliza nani alikaza, na mume wangu alisema labda ni mlowezi wa zamani. "Basi alikuwa na spana ndefu na hakuwa na wasiwasi," alisema, akaanza kumimina dawa. Bolti ya kwanza ikasema siku ya nne. Ya pili na ya tatu zikafuata, ya nne ikasumbua. Asubuhi moja, saa nne kamili, aliinua kichwa akaniambia ana hamu ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, niende nikapike. Mtori wa saa nne! Lakini mtu aliyebeba ada za watoto wako mkononi humkatalii ndizi. Nikaenda. Niliporudi na bakuli alikuwa amefunika ile injini kwa gunia, akasema ya tano ameiacha inywe, asubuhi anashuka mjini kidogo, na mtu asiiguse. Alikula mtori wote bila kuusifu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alirudi kesho yake jioni, akafanya kazi peke yake mpaka siku iliyofuata, na hatimaye tukaitwa tuone: bolti sita juu ya jani la mgomba, zote nzima.

Injini ilifunguliwa na fundi wa injini, ikasafishwa, ikafungwa, ikawaka. Tangu siku hiyo naitwa Mama Mashine, na watoto wote wanne wamesoma.

Baada ya miaka miwili gasketi iliungua, tukamwita fundi mwingine kutoka mjini, kijana makini. Alipofungua zile bolti akaishika moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Mama, hii si ndugu ya hizi nyingine." Kichwa chake kilikuwa kimechongwa kwa tupa, kwa mkono, kikapakwa masizi kifanane. Akachungulia tundu, akapiga mluzi. Alinionyesha kwamba bolti ya zamani ilikatikia ndani, na mtu akaitoboa katikati kwa keekee ya mkono mpaka ikabaki ganda jembamba, akalitoa ganda lile bila kukwaruza ukuta, akasafisha nyuzi, akatia bolti hii ya kuchonga. "Nani alifanya hii?"

"Sijui," nikamjibu. "Tuliinunua hivyohivyo."

Nilidanganya papo hapo, bila kufikiri, na nilipofikiri baadaye niliona nilidanganya sawasawa. Miaka hiyo mambo yalikuwa yamebadilika. Maduka ya Moshi yalijaa bolti za kila saizi, mpya, za kung'aa, za kuuzwa kwa mafungu. Vijana walikuwa na grainda za umeme. Nati ikigoma wanaikata kwa cheche, wanatia nyingine, robo saa wamemaliza. Nani atangoja siku nne mbege ifanye kazi? Walioendelea kumwita Fundi ni wale wenye vitu visivyo na mbadala, mashine za zamani, kengele ya kanisa, na walimwita kwa lile neno moja, hajakata hata moja. Ningefungua mdomo wangu pale sokoni, angekuwa mzee mwenye chupa ya mbege tu. Basi.

Tatizo ni kwamba aliipenda mno hadithi ya injini yangu. Kila ubatizo, kila komunyo, kila harusi, akishapata ndizi na nyama aliisimulia. "Bolti sita, mlowezi kakaza, kutu miaka chungu nzima. Ngapi zilikatika? Mama Mashine, ngapi?" Na mimi kutoka kwenye kiti changu niliitikia, "Hata moja!" Watu wakapiga makofi. Nitasema ukweli wote: nililipenda lile swali. Nilipewa kiti cha mbele kwa sababu yake.

Tuliendelea hivyo mpaka akawa mzee kweli. Mikono ikaanza kutetemeka, kazi akaiacha, begi la turubai likachukuliwa na mwanawe. Nikawa naonana naye kwenye sherehe tu, na hadithi ikazidi kurefuka.

Asubuhi moja ya Desemba, wateja hawajafika, nilikuwa najaribisha mashine nikamwona anaingia uani na suti yake ya kanisani. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu isale ndio mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na jani lake ukilifunga fundo ukampelekea mtu, umemwomba msamaha. Aliyeletewa haruhusiwi kukataa, hata kama umemuulia ng'ombe. Nilishtuka. Nilijiuliza amenikosea nini mzee huyu ambacho sijakisikia.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema. Yeye Mlutheri, alitumia salamu yetu sisi Wakatoliki akiwa na jambo zito.

"Milele amina. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Zima mashine."

Nikazima. Akanipa jani kwa mikono yote miwili.

"Bolti ya tano," akasema. "Niliikata."

Nikamsogezea benchi la wateja, hakukaa.

"Nilikutuma mtori ili usione. Nikala mtori wako na uongo mdomoni. Hilo ningeweza kufa nalo, ni la kwangu na Mungu. Lakini juzi kwenye komunyo ya mjukuu wako nimekuuliza mbele za watu, ukaitikia hata moja, umevaa nguo nyeupe, umetoka kupokea ekaristi. Nikasema, mimi namfanya mama wa watu atoe ushahidi wa uongo, na mwenyewe maskini hajui."

Niliona kuna njia mbili. Ningeweza kulipokea lile jani kama mtu anayesikia habari mpya, naye akarudi nyumbani mwepesi. Nilikuwa tayari kufanya hivyo, nimeshafungua mdomo. Lakini aliponiita maskini nisiyejua, nilishindwa.

"Nilijua, Fundi."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ilikatika. Gasketi ilipoungua, fundi wa mjini alinionyesha."

Alihesabu miaka kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. Akarudia kuhesabu.

"Kwa hiyo ulikuwa unaitikia huku unajua."

"Ndiyo."

"Mbele za watu."

"Ndiyo, Fundi."

"Na mimi kila safari nikitoka pale nalala vibaya."

"Mimi nililala vizuri," nikasema, na nikaona haya.

Alinitazama kwa muda mrefu, ile namna yake ya kuchungulia nati. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mpakani mwa kihamba. "Nenda kakate lako."

Nikaenda, mtu mzima na wajukuu, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo, nikarudi nalo. Nilipiga goti kidogo nikampa. Alilipokea, akalikagua fundo, akasema nimesamehewa. Tukakaa kwenye benchi la wateja, kila mtu na jani lake mkononi, na sisi wawili tukaanza kucheka mpaka baba watoto akatoka ndani kuuliza kuna nini. Hatukumwambia. Kicheko kilipoisha Fundi alivuta kidogo suti yake, akatazama pembeni kama mtu asiyejali.

"Huyo fundi wa mjini. Alisemaje kuhusu kazi?"

"Alipiga mluzi."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akaomba chai.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na kipaimara kwa majirani, nasi wote tumealikwa. Walipokwisha kula, vijana wakaanza wenyewe: Fundi, tusimulie ya Mama Mashine! Akasimama kwa shida, akajishikilia kwenye meza. Akasimulia kutu, mlowezi, mbege, siku nne. Kisha akaniangalia. "Ngapi zilikatika?"

"Moja," nikasema kwa sauti.

"Moja," akarudia yeye. "Ya tano. Niliikata mwenyewe, nikaficha."

Watu waliangua kicheko. Walipiga meza. Mmoja akasema wazee hawa wamekaa wakaitunga, mwingine akampigia makofi, vijana wakamwambia arudie ile sehemu ya kuficha. Nikasimama nikaapa kwamba ni kweli, nikawaeleza habari za tundu na keekee, wakazidi kucheka, wakaniambia nikae, nimezeeka na mimi. Fundi aliinua mkono waniache niseme. Hawakuniacha. Mwisho aliketi, akavuta sahani yake, akaniinamia sikioni akasema tutajaribu tena Pasaka.